Kila Mtu Anasema Ndiyo

Jumatatu, 6 Machi

Vipindi viwili vya Kemia tena. Mwalimu Ndahani anaandika ubaoni bila kugeuka. Akigeuka ni kuuliza tu, "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyoooo!" Hamisi wa dawati la nyuma ndiye anayepaza sauti kuliko wote. Neema, tunayekaa naye dawati moja, anaitikia kwa kunong'ona. Nami nimeitikia. Sikuelewa hata mstari mmoja.

Kisha tangazo: atakayefeli Kemia mtihani wa nusu muhula anahamishiwa mkondo wa sanaa. Bila Kemia hakuna chuo cha uuguzi. Nimeutaka uuguzi tangu darasa la nne, sitaki kingine. Nina hasira.

Jumatano, 8 Machi

Kila mtu ana ushauri. Shangazi: amka alfajiri. Jirani: tia miguu kwenye beseni la maji baridi, hutasinzia. Hamisi: kariri tu, maswali ya nini?

Leo alfajiri nimefanya yote matatu. Miguu imekufa ganzi. Ukurasa nimeukariri mpaka nukta. Nikafunga daftari, nikabadilisha namba kwenye swali, nikajaribu upya. Sikuweza hata kuanza. Shangazi naye akaja juu: ndoo nzima ya maji kwa ajili ya miguu, na mtaa wote wa Kizota bomba limekauka! Nikayadekia nyumba. Ushauri wao wote ni wa kukaa macho. Hakuna hata mmoja wa kuelewa.

Alhamisi, 9 Machi

Leo nimesema. "Mmeelewa?" "Ndiyoooo!" Mimi: "Hapana, mwalimu."

Shingo zote ziligeuka. "Yudita, simama. Hujaelewa nini?" Nikafungua mdomo. "Yote," nikasema. Darasa likaangua kicheko, Hamisi akipiga dawati kama ngoma. Mwalimu akasema, "Mtu hajui hata asichokijua. Nitamsaidiaje? Kaa chini."

Nawachukia wote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa la haki.

Jumamosi, 11 Machi

Sijaenda sokoni na Shangazi. Nimeshika madaftari na kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Hapa naelewa? Hapana. Hapa je? Hapana. Nimerudi mpaka daftari la Kidato cha Pili. Hapo: haidrojeni na oksijeni zinatengeneza maji. Mbele ya haidrojeni pameandikwa 2. Imetoka wapi?

Siku ile naikumbuka. Tuliulizwa, tukaimba ndiyo. Yote yaliyofuata yamejengwa juu ya hiyo mbili, na mimi sikuwa nayo. Nimemkasirikia Mwalimu, nikajikasirikia mwenyewe, nikaikasirikia na mbili.

Jumatatu, 13 Machi

Nimesimama na swali moja tu. "Mwalimu, kwenye maji, ile mbili ya mbele ya haidrojeni imetoka wapi?"

"Hilo ni la Kidato cha Pili."

"Ndiyo, mwalimu. Ndipo nilipopotea."

Hamisi hakucheka. Hilo nimeliona. Mwalimu akatazama saa. Shule nzima inajua huwahi banda lake la kuku kule Mkonze, maana mshahara haumfikishi popote. "Iko kitabuni," akasema. "Toka nje, kang'oe magugu bustanini mpaka kengele."

Nimeng'oa magugu na mchicha wao pamoja. Makusudi.

Jumanne, 14 Machi

Nimeitafuta mwenyewe. Shangazi alikuwa anachambua mahindi na karanga uani. Punje ya mahindi nikaifanya haidrojeni, karanga nikaifanya oksijeni. Kitabu kinasema zote mbili hutembea mbili mbili. Chembe moja ya maji inataka mahindi mawili na karanga moja. Nikapanga jozi ya mahindi na jozi ya karanga. Karanga moja ikabaki peke yake, na kuitupa hairuhusiwi. Nikaongeza jozi nyingine ya mahindi. Ikakaa! Jozi mbili za mahindi. Mbili yenyewe ndiyo hiyo!

Nilipiga kelele, Shangazi akauliza kama nimeumwa na nge. Halafu hasira ikarudi. Jambo dogo hivi, na limenila mwaka mzima.

Alhamisi, 16 Machi

Hamisi kanifuata nyuma ya darasa, anaangalia huku na huku. "Yudita, dada yangu. Ile mbili... imetoka wapi kweli?"

Nilitaka kumzaba kofi. "Si ulielewa wewe? Si ile 'ndiyo' yako inasikika mpaka stesheni?"

"Wote walisema. Nami nikasema."

Nikatoa mahindi na karanga mfukoni, nikazimwaga sakafuni, nikamweleza kwa kumgombeza. Akauliza: kwa nini usichukue karanga moja tu tangu mwanzo? Nikakwama. Ikabidi nifikiri. Kwa sababu karanga haitembei peke yake, nikasema, na papo hapo nikaelewa kuliko nilivyoelewa juzi. Hilo nalo limeniudhi, kwamba kumfundisha huyu kumenifaa.

Kuinua vichwa, nusu ya darasa imetuzunguka. Waongo wakubwa. Neema alisimama mbali, hakusogea. Mwalimu Ndahani akapita anakokota baiskeli, akasimama, akazitazama zile karanga kwa muda. Akaondoka na baiskeli yake.

Ijumaa, 24 Machi

Matokeo ya mtihani wa nusu muhula yametoka. Nimepita, si kwa alama za kujivunia, lakini sihami. Hamisi kaponea chupuchupu. Neema amefeli. Amebeba vitabu vyake akaenda darasa la mkondo wa sanaa, akilia bila sauti. Akifaulu mtihani wa mwisho wa muhula atarudishwa. Kwa daftari lipi, na huko hawafundishwi Kemia?

Hakuwahi kuuliza kitu. Mimi nilikaa naye bega kwa bega, nikimsikia akinong'ona ile ndiyo. Leo nina hasira na sijui nimwelekezee nani.

Jumatatu, 27 Machi

Mvua asubuhi. Nimekaa peke yangu dawatini.

Mwalimu kaandika, kageuka. "Mmeelewa?"

Hakuna aliyejibu. Mvua tu juu ya bati. Mwalimu akangoja, chaki mkononi. Hamisi akanyoosha mkono. "Mimi bado, mwalimu. Mstari wa pili."

Mwalimu akautazama mstari wa pili. Akachukua dasta, akafuta ubao wote, akaanza tena kutoka juu, polepole.

Nimenakili mara mbili. Moja yangu, moja ya Neema.