Kigoda cha Baba Yako

Makadara, Nairobi
14 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Kavindu,

Pokea salamu za baba yako mdogo. Natumaini wewe, Wakoli na watoto hamjambo huko Perth, na kwamba baridi imepungua. Mimi kifua kimeshindikana. Daktari haongei tena habari ya kupona. Nthoki ananitunza vizuri.

Ile nyumba ya manispaa ambamo mimi na baba yako tulipanga chumba imekarabatiwa, sasa ni makumbusho madogo ya mtaa. Jumanne Nthoki alinipeleka. Kuta zimepakwa chokaa upya, jiko la makaa lipo pembeni, na katikati kuna kigoda cha miguu mitatu. Nilitaka kukikalia.

"Mzee, hapo hapakaliwi!" alisema Lenah, msimamizi.

"Nimelala chumba hiki miaka tisa."

"Basi umeshapumzika vya kutosha. Simama kidogo."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikasoma kadi: Mchongaji, Kimanzi. Ndiye mimi, na ni uongo.

Unajua nilikuwa karani wa ushirika wa wachongaji. Kila mwanachama alikuwa na namba, nami ndiye niliyeziandika chini ya kazi zao. Namba ya baba yako ilikuwa 41. Kigoda kile alikichonga yeye peke yake. Kabla ya kukipeleka kwenye maonyesho ya Mombasa nilikwangua 41, nikaandika 7, namba yangu, ingawa sijawahi kuchonga hata mwiko. Kikashinda. Baba yako Munyoki nilimwambia kazi yake haikuchaguliwa. Aliniamini. Akaweka chini tezo yake ya kuchongea, akarudi Wamunyu kulima, nawe ukakua ukiambiwa baba yako hakujaliwa mkono. Hata mimi nilikuambia hivyo. Alikufa bila kujua.

Nimemweleza Lenah yote. Hakunikemea. Alikipindua kigoda, na kando ya 7 yangu, 41 bado inasomeka. Lakini hawezi kubadili kadi bila barua kutoka kwa mtoto wa Munyoki. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mimi usinijibu kwanza. Mwandikie yeye. Nikiwa bado napumua, ningependa Nthoki anirudishe nikaisome kadi mpya.

Wasalimie Wakoli, Lusweti na Kavinya mdogo. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Baba yako mdogo akupendaye,
Kimanzi, karani