Ngamia wa Kitovu Chako

Bulla Pesa,
Isiolo.
12 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Ado,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Doha? Joto limepungua? Mgongo bado unakusumbua kwa kusimama getini kutwa? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Macho ya Mama yamefifia zaidi, lakini mdomo bado mkali.

Barua hii nimempa Sakariye, anayerudi huko kazini, akuletee mkononi, kwa sababu kwa simu ungesikia sauti yangu ukajua kabla sijasema.

Mvua imetupita tena. Maziwa ya ngamia ninayouza, yanayotoka kwa kaka Chachu huko Sericho, yamekuwa machache, bei imepanda, na mji mzima umejifunza neno moja tu: kubana. Mwalimu Mutea alikuwa akichukua lita nzima. Sasa anachukua kikombe cha mtoto, tena haniangalii usoni. Makandi wa hoteli anaongeza maji kwenye chai mpaka unaona chini ya kikombe. Mimi nimeacha maziwa kabisa, na Mama nampa sturungi. Jana alinitukana. Alisema tangu azaliwe hajaona nyumba yenye ngamia ikinywa chai ya rangi.

Halafu Mama Jeremy, mke wa yule mkubwa wa ofisi mwenye magari mawili, mteja wangu wa kutegemewa. Mwezi wa saba alisimamisha gari akaniambia, "Mulki, mambo ni ngumu, hata sisi tunakata. Usiniwekee maziwa tena." Nilicheka, Mungu anisamehe. Kumbe kila anayebana hubana koo la aliye chini yake, na chini yangu yuko Chachu na wanyama.

Ado, nimezunguka vya kutosha. Tumemuuza Ta Ado.

Najua. Siku kitovu chako kilipofungwa Baba alikupa ndama jike, na huyu ni mjukuu wa ndama yule, ndiyo maana anaitwa Ta Ado, wa Ado. Hakuna mwenye ruhusa ya kumuuza ila wewe. Chachu alikataa siku tatu. Lakini ngamia wengine walikuwa hawasimami kwa njaa, na yeye peke yake ndiye angeweza kutembea mpaka mnadani. Sikukuuliza kwa sababu ungekubali, na nisingevumilia kukusikia ukikubali.

Aliyenunua alituma dalali. Juzi ndipo nimejua ni mume wa Mama Jeremy. Ameona wakati wa ukame ni nafuu kununua ngamia kuliko kununua maziwa. Huko ndiko kubana kwao. Sisi tukibana tunauza, wao wakibana wananunua.

Jana mchungaji wao, Ekuam, alikuja kwangu. "Mama, hii ngamia yenu imekataa kukamuliwa. Mlikuwa mnaiita aje?" Nilitaka kumdanganya. Nikamfikiria mtoto wake, anayelala njaa baba asipokamua, nikamwambia jina. Alirudia mara tatu mpaka akaliweza. Kuanzia leo, kila asubuhi jina lako linaitwa katika boma la watu.

Shemeji yako Fosia na watoto wanakusalimu sana. Chachu hana uso wa kukusalimu, kwa hiyo nakusalimu mimi kwa niaba yake.

Mama hajui. Kila jioni huuliza kama Ta Ado amekula, nami hujibu amekula. Si uongo, ndugu yangu. Huko aliko anakula kutushinda sote. Ukipiga simu, nawe mwambie hivyo.

Mola akuwekee kivuli popote unaposimama.

Ni mimi dada yako akupendaye, ukinikubali bado,

Mulki