Vifuko vya Bafta

Jumamosi. Joto la kukaba koo. Mawingu yamekaa tu juu ya Kipawa na mvua hainyeshi.

Mkono wa kulia umevimba, kalamu inanitoroka. Leo nimemvunja jino kaka yangu mkubwa, Mshamu. Ukiniuliza kama najuta, jibu ni bado.

Nataka kuwa mtaalamu wa kuzalisha mbegu mpya, nimeshayasema haya humu mpaka kurasa zimechoka. Ugonjwa wa batobato unaimaliza mihogo ya huku kote, majani yanajikunja na mizizi inabaki myembamba kama vidole. Shambani kwetu mche mmoja tu haukuugua. Mchungu, lakini mzima. Nikachukua chavua ya mhogo mtamu wa mama, nikaipaka kwenye maua yake, kisha nikayafunika kwa vifuko vya bafta ili nyuki wasiniharibie. Jumatatu bwana shamba anakuja kuuona, na akiridhika atanipeleka kusomea kazi hii.

Bafta! Nguo ya sanda! Sikufikiria hata kidogo.

Mtoto wa Mshamu ana homa tangu juzi. Majirani wakaona vitambaa vyeupe vinaning'inia shambani, wakamnong'oneza. Leo adhuhuri akaja na panga.

"Mwanangu unamshonea sanda, mie nikutazame tu?"

Hakungoja jibu. Aliukata mche wangu kama anayeua nyoka. Vifuko vikadondoka na matunda mabichi ndani, utomvu ukamrukia usoni. Nilimvamia, nikampiga mpaka akaanguka, panga likawa mkononi mwangu na shingo yake pale chini.

Niliitaka ile shingo.

Mama akapiga yowe. Nikaligeuzia panga shina lililolala. Nikakata, nikakata, kila pigo nikimkusudia Mshamu, mpaka pumzi zikaniishia. Ndipo nikaona nilichofanya: vipande vya shibiri, kila kimoja na macho yake, vile vile tunavyokata mbegu ya mhogo kila mwaka. Mikono ilifanya ilichozoea.

Nimevipanda vyote, huku nalia kwa hasira. Matunda yamekufa, hayarudi. Jumatatu bwana shamba ataona vijiti tu ardhini, na sijui atasemaje.

Kesho alfajiri nakwenda kwa Mshamu. Ni mkubwa wangu, lazima nimwamkie. Nitamuuliza mtoto ameamkaje.

Ataiitikia shikamoo yangu kwa mdomo nilioupasua?