Karani Alipovua Shati

Nakuru,
15 Septemba 1957

Dada yangu Jelagat,

Nakusalimu wewe, shemeji Kiplangat na watoto, nikitumaini barua hii itawakuta wazima. Mama naye, miguu inaendeleaje na baridi hii? Na yule ndama mweupe, ameacha kula nguo kwenye kamba? Mimi nipo, nakula, nafanya kazi, na leo nimetoka kanisani.

Barua yako ilinifikia. Umeniuliza kwa ukali, na una haki, kwa nini niliomba wazee wasiende kwanza kwa kina Chemutai kuposa, ilhali mjomba alikuwa ameshaazima koti. Unasema watu wanadhani nimepata mwingine hapa mjini. Sijapata. Nitakujibu, ila unanijua: lazima nianze mwanzo.

Mwaka huu Daktari Peterson, mkubwa wetu hapa hospitalini, alinikabidhi kazi ya kupanga masomo ya madaktari. Usicheke, si mimi ninayefundisha. Madaktari wanaotibu familia mijini na mashambani, kutoka Molo hadi Gilgil, walimaliza chuo zamani, na dawa mpya zinakuja kila mwaka. Kwa hiyo hukutana hapa kila mwezi wajiongezee elimu. Mimi huwauliza wanataka kujifunza nini, huchagua siku, huandika barua, na hutafuta wagonjwa watakaokubali kupimwa mbele ya watu. Wa Molo hawataki kusafiri wakati wa matope. Wa Gilgil hataki maziwa kwenye chai. Nimegundua pia kwamba daktari akikaa karibu na dirisha husinzia, nikahamisha viti.

Somo la Agosti lilikuwa juu ya moyo. Tulimpata Mzee Ngigi, mchimbaji wa mgodi wa Kariandusi, ambaye moyo wake una mlio usiofaa. Daktari Peterson akasema mtu hawezi kuujua mlio mbaya bila kuulinganisha na mzuri, basi atafutwe mwenye afya akae kando ya mzee. Nikajiandika mwenyewe. Nilikuwa hapo tayari, wala sikuhitaji nauli. Hakuna aliyenipima kwanza. Karani wa hospitali atakosaje afya? Ndivyo tulivyodhani sote.

Siku ilipofika tulivua mashati tukakaa kwenye benchi. Mzee Ngigi akaniambia mbavu zangu ni za mbuzi wa kiangazi, na kwamba hawa madaktari wakikosea, yeye atatumwa kulima na mimi nitalazwa.

Walisikiliza mmoja mmoja, bila kuambiwa nani ni mgonjwa, kisha wakatoa majibu. Wote walimtaja mzee, isipokuwa Daktari Dastur, kijana wa Molo. Yeye alisema, "Wote wawili."

Wenzake walicheka. Mmoja akamwuliza kama baridi ya Molo imemwingia masikioni. Daktari Peterson akaja kumsahihisha, akaweka chombo chake kifuani mwangu huku bado anatabasamu. Hakukiondoa. Akanilaza ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Nilipoinuka Mzee Ngigi alinitupia shati langu mabegani, akasema polepole, "Karibu upande wangu, karani."

Dada, hiyo ndiyo sababu. Mlango mmoja ndani ya moyo wangu umekaza, haufunguki sawasawa. Daktari Peterson aliniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa koo, kupata homa na kuvimba magoti, maana ugonjwa huo ndio huharibu moyo. Nikakukumbuka ukinibeba mgongoni siku hizo zote, ukiwaambia majirani kwamba ninakua tu. Usijilaumu, nani kati yetu angejua? Anasema nikichomwa sindano kila mwezi, na nikiacha kubeba mizigo, naweza kuishi na kufanya kazi miaka mingi. Nilipomwuliza ni mingapi, alisema ukweli kwamba hajui.

Sikutaka wazee watoe neno kabla Chemutai hajajua anaposwa na nani. Lakini kumwambia nako niliogopa, siku zikapita. Jana nilikwenda Njoro, kwenye shule anakofundisha, nikamweleza kila kitu, nikamwambia yuko huru. Aliweka vitabu vyake chini. Kisha akaweka sikio kifuani mwangu, akakaa hivyo mpaka nikaona aibu, akasema, "Ng'ombe wa baba anakoroma tangu azaliwe, na ndiye tunayemkamua." Baadaye tulilia, wote wawili. Alipopangusa uso akauliza kama koti la mjomba bado lipo au mwenyewe amelichukua.

Basi wazee na waende. Ila nakuomba mjomba aseme habari ya moyo wangu wazi mbele ya baba yake Chemutai, kabla ya ng'ombe wa mahari kutajwa. Akikataa, amekataa akijua. Chemutai anasema baba yake tumwachie yeye.

Somo la Oktoba nimelipendekeza mimi, na Daktari Peterson amekubali: koo na magoti ya watoto. Daktari Dastur ndiye atakayefundisha. Hakuna kiti hata kimoja karibu na dirisha.

Msalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, na mjomba pamoja na koti lake. Na mmoja wa watoto akilalamika magoti, dada, usimwambie anakua. Mbebe umlete.

Ndimi ndugu yako, mzigo wako wa zamani,
Kipkoech