Barafu ya Mama

Utuado, Jumatano asubuhi

Dada yangu mpendwa Zoraida,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Orlando. Mimi mwili mzima. Moyo ndio siusemei. Barua hii anakuletea jirani yangu Awilda, anayepanda ndege ya mwisho adhuhuri. Kwenye simu ungenikatiza.

Redio inasema kimbunga kitatua leo jioni. Nimeshajaza barafu kwenye mashine ya kufulia, ndiyo friji letu umeme ukikatika, kama kila nyumba hapa, na nimepanga ndoo mbili za rangi zenye vifuniko: soseji za kopo, biskuti za chumvi, tochi, betri, vyeti ndani ya nailoni. Moja yangu, ya pili ya kaka yetu Efraín. Kisukari cha Mama sasa anacho yeye, na friji lake limekufa, kwa hiyo insulini yake na sindano za kujidungia nilikuwa nazitunza mimi. Alinipigia akinibembeleza: "Mdogo wangu, fundi wa kupanga ni wewe. Nipangie na yangu, mie nitasahau hata kichwa."

Unakumbuka kimbunga kile kikubwa, insulini ya Mama ikaharibika nami niko kwenye foleni ya maji? Efraín alituapia kwamba barafu iliyeyuka yenyewe. Mwongo mkubwa! Mwezi uliopita Papo, mwenzake wa domino, alilewa akaniambia huku akicheka kwamba hawajawahi kunywa bia baridi kama wiki ile, maana Efraín aliichota barafu ya Mama yote. Mama alikufa siku ya tisa. Na kwenye mazishi ni yeye aliyelia kutuzidi sote.

Jana nilimwambia aje achukue vitu vyake, ila kwanza aseme ukweli barazani mbele ya majirani. Alikuja. Alipiga magoti akasema yote, makamasi yakimtiririka. Bibi jirani, Doña Luz, alinivuta mkono akaninong'oneza, "Msamehe, mwanangu, ameshaaibika huyo." Nikasema nimemsamehe. Nikampa mkononi sindano moja ya leo, nimeshaijaza dawa, nikamkabidhi ndoo na kisanduku cha barafu, vyote nimevizungushia utepe mara nne. Akanibusu shavuni, akaniombea baraka.

Zoraida, sikumsamehe. Nilidhani aibu yake ingenitosha, wala haikunitosha hata chembe. Dawa zimo zote kisandukuni. Sindano hazimo kwenye ndoo. Ziko hapa mezani, pakiti mbili, karibu na mkono ninaoandikia. Naye hatajua mapema, kwa sababu kila mwaka namfokea asibandue utepe kabla upepo haujaanza, na safari hii, ya kwanza maishani mwake, atanitii.

Daraja la kwenda kwake linafungwa saa nane mchana. Ni mwendo wa nusu saa tu. Nimevaa viatu tangu alfajiri, na bado nimekaa.

Nisalimie shemeji, wanao wabusu mmoja mmoja. Usinipigie kunisihi, maana barua hii ikikufikia, daraja litakuwa limeshafungwa.

Ni mimi mdogo wako,
Migdalia