Besi Yako Imebaki Nyumbani

Yaya Bahati, kaka yangu,

Sikai. Nikianzia hapo utanielewa. Tangu figo zikushinde, tangu tukurudishe kutoka Bujumbura ukiwa ndani ya sanduku, mimi mdogo wako sikai mahali. Nikianza kula nasimama. Nikilala upande huu nageukia ule. Natembea kutoka Mulongwe mpaka Kalundu na kurudi bila kutumwa na mtu, hadi vijana wa moto, wale wa pikipiki, wameacha kuniuliza kama nataka kupanda. Hata barua hii naiandika nimeegemea dirisha, maana kiti kinanichoma.

Ngoja nikueleze ya gitare yako, ile besi.

Matanga hayajaisha, prezida wa korale, kwaya yenu ya kanisani, akaja. Alikaa vizuri, akasali vizuri, kisha akamwambia Mama: "Mama Bahati, ile besi iko inalala bure. Utupatie, itumikie Bwana." Hakuwa na ubaya, unamjua. Ulikuwa unawapigia kila Jumapili na hawana mwingine. Lakini nilisikia kama mtu anakutoa nyumbani mara ya pili. Nikasema sitaki, tena kwa sauti ambayo msichana hatoi mbele ya wageni.

Mama akaniangalia. "Weye unaweza kuipiga?"

Nikaenda kuikumbatia.

"Kama unaweza, ibaki. Kama iko ya kuangalia tu, iende. Tutaona siku ya kumaliza matanga."

Basi nikaanza. Sikuanza na nyimbo za kanisa. Nilianza na zile zako za panki, za kelele na mbio, mlizokuwa mnapiga na Espoir na Zawadi kwenye depo ya zamani kule Kalundu. Ni hizo tu mwili wangu ulikubali. Zawadi akanitumia tablatire kwenye simu: mistari minne kwa nyuzi nne, na namba juu yake zinazoonyesha kidole kikanyage wapi. Nikasema, kumbe ni hesabu ya shule ya msingi! Nikapiga kwa bidii, siku baada ya siku, na kilichotoka kilikuwa kama mbuzi aliyefungiwa ndani ya pipa. Espoir, yule mpiga ngoma wako, alipokuja kunisikiliza alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa naisoma juu chini. Mstari wa chini kwenye simu ndio uzi mnene, ule unaokuwa juu ukiwa umeshika gitare. Nani angejua? Ungekuwepo ungecheka kuliko yeye. Mimi nilicheka pia, halafu nikalia, halafu nikaanza upya.

Vidole vikatoa malengelenge. Ampli ya kukuza sauti ilikuwa kwa Espoir, na umeme wetu unaujua, kwa hiyo nikatumia ule ujanja wako: kuegemeza mbao ya gitare kwenye mlango wa kabati na kubandika sikio. Kabati lote linaimba. Nguo zako bado zimo humo, Yaya. Hatujaweza kuzigawa.

Namba nikazishika, lakini wimbo haukuwa wimbo. Tablatire inakuambia kidole kiende wapi. Haikuambii kikae muda gani. Na mimi nilivyo siku hizi! Kila noti naikimbia kama inaungua.

Asubuhi moja Mama alikuwa uani anachagua ndagala, vile visamaki vya ziwani, anatoa mchanga. Nikapiga kile kipande cha katikati cha wimbo wako. Akapaza sauti huko nje: "Haiko vile!"

Nikatoka na gitare shingoni.

"Pale yaya yako alikuwa anangoja," akasema bila kuniangalia. "Halafu anashuka. Weye unakimbia tu."

Mama huyu huyu! Aliyekuwa anagonga mfuniko wa sufuria ili unyamaze, aliyesema kelele zako zitaleta shetani ndani ya parsele yetu, nyumba na ua. Nikamuuliza amejuaje.

"Minye nilisikia kila siku. Ningefanya nini? Niko na masikio."

Akaweka ungo chini, akaanza kupiga goti lake kwa mkono unaonuka samaki. Tu-tu-tu-tu. Bado. Bado. Sasa. Alikuwa amekushika mzima, kila mahali ulipovuta na kila mahali ulipoachia. Toka siku ile akawa mwalimu wangu. "Bado," ananiambia, huku anaendelea na ndagala zake. "Bado... haya, sasa." Na mimi nangoja.

Siku ya kumaliza matanga tuliwasha jenereta ya jirani. Wamama wa korale walikaa mbele na vitenge vyao vya sare, prezida katikati yao. Zawadi akapiga gitare yake akaanza kuimba, Espoir akaangukia ngoma, nikaingia. Sikujua kwamba besi inapandia miguuni. Nilihisi kama ziwa lote linatembea chini ya uwanja.

Kwenye ubeti wa pili nikapotea. Nikasahau kila kitu, Yaya. Ulikuwa unawaambia wenzako, "Ukikosea usisimame. Ukisimama ndipo watu wanajua." Nikakanyaga uzi wowote, nikaendelea, nikakimbia, nikakimbia, mpaka nikamwona Mama. Amesimama peke yake kati ya watu waliokaa, mkono mmoja juu, kama anazuia gari barabarani. Bado. Nikaacha uzi ulie. Bado. Akashusha mkono, nikashuka naye.

Hapo ndipo alipolia. Tangu ufe hakuwa amelia mbele za watu. Alilia huku anapiga makofi, na hakukosea pigo hata moja.

Prezida akaja baadaye, anajisugua masikio. "Bon," akasema. "Ibaki." Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama naweza kuja nayo Jumapili.

Sitakudanganya kwamba nimetulia. Kesho yake nilitembea tena mpaka Kalundu. Lakini nimemwambia prezida ndiyo. Wimbo wao wa kwanza una noti moja inayovutwa mpaka mtu achoke. Naiogopa kuliko mbio zako zote. Nakuahidi nitaishika mpaka mwisho wake, hata miguu ikitaka kwenda zake.

Kwaheri, Yaya. Wewe lala. Kuhangaika niachie mimi.

Mdogo wako,
Neema