Popote Mtakapoona Panafaa

Mama,

Tumekuzika Mafinga, ubavuni mwa mama mkwe wako. Naanza na hilo kwa sababu najua usingeuliza.

Makaburi yenu yamekaribiana mpaka saruji imeungana. Fundi alifurahi, alisema ameokoa mfuko mzima. Yule mama alikuita "yule Msangu", kwa kabila lako, mpaka anakufa, na sasa jina lako limesimama kando ya lake.

Hukulazimishwa kulala hapo. Kabla ya kuchimba, wazee wa upande wa baba walikaa na ndugu zako kutoka Rujewa, kama ilivyo desturi, na baba mdogo akauliza kama marehemu aliacha neno. Neno la marehemu halipingwi. Ungeliacha, tungekusafirisha siku ileile. Mjomba akaeleza kwamba kila msimu wa mavuno ya mpunga ulikwenda Rujewa, ukafagia kaburi la bibi, mama yako, na kukaa pale mpaka jua lizame. Nani asiyejua alichotaka dada yake?

Baba mdogo akamjibu taratibu, "Shemeji, kufagia si kuomba."

Wakanigeukia mimi niliyekuuguza.

Nilikuuliza, Mama. Ilikuwa mchana, ulikuwa na akili zako zote, na sikuzungusha maneno: unataka kuzikwa wapi? Ukatazama dirishani, ukasema, "Popote mtakapoona panafaa, mwanangu." Nikarudia swali. Ukaniuliza kama nimekula.

Basi nikawaambia hivyo, neno kwa neno. Mjomba alinitazama akisubiri niongeze jina la mji. Sikuongeza. Miaka yangu yote ya uandishi wa habari sijamnukuu mtu kwa yale aliyokuwa akiyawaza, na sikuona kwa nini nianze na wewe. Vijana wakachukua majembe. Mjomba hapokei simu yangu tangu siku ile ya mazishi, na sijutii.

Ulikuwa hivyo hata kwenye chai. Ugenini uliikazia macho chupa mpaka mwenye nyumba aone aibu akumiminie, halafu unamwambia asingejisumbua. Uliita adabu. Sisi watoto wako tulikua tukikubahatisha, na tulipokosea ulinyamaza siku mbili. Nimewahoji mawaziri waliokuwa rahisi kuliko wewe.

Sasa sikia la baba. Matanga yalipoanuliwa alisimama mbele ya ukoo, akasema, "Mimi mnizike upande wake wa pili." Basi. Hakukohoa, hakusingizia ugonjwa. Walikubali kabla hajakaa, na mahali pake pamewekewa mawe. Utalala katikati yao, mama yake huku na yeye kule, na mwanamke ambaye maisha yake yote alitaka kuwatoroka ndiye atakayewaunganisha.

Wiki iliyopita nilikwenda Rujewa bila kupiga simu. Mjomba alikuwa mashineni, anasubiri mpunga wake ukobolewe. Nilimsalimia, nikamwambia mbele ya watu kwamba nikifa nataka kuzikwa pembeni mwa bibi, na kwamba naomba anijibu sasa. Kisha akasema nafasi ipo moja tu, amekuwa akiitunza, na kwa kuwa nimeiomba, nichukue.

Ni yako, Mama. Nimeichukua.

Kwaheri. Nakuahidi kwamba sitamwachia mtu yeyote kazi ya kunibahatisha.

Mwanao